Mlango wa Malka

Jumatatu, 3 Februari

Uji umemwagika tena. Nimeupangusa, nimemtilia mwingine, amekunywa nusu. Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu wangu ndiye anayeniuliza mimi. Uji umetoka wapi. Nani kaupika. Kwa nini mwanamume yuko jikoni. Nimemjibu yote, kisha ameuliza tena kuanzia mwanzo.

Nimefunga mlango kwa nje kama kawaida. Kufuli kubwa, lile nililonunua alipopotea tukamkuta ameketi barabara ya kwenda Hola. Ufunguo wa pili anao jirani, Mama Rehema. Kila siku asubuhi akimaliza kazi zake anakuja, anamwogesha Mama, anamnywesha chai, anafunga tena. Hataki kitu. Nikimpelekea samaki ananirudishia nusu akiwa amewapika.

Mimi huyo na baiskeli hadi mtoni. Kazi yangu ni moja tu: mashine ivute maji ya mto iyatie mferejini bila kukohoa. Shamba ni la kikundi, mahindi upande huu, mpunga upande ule, na kila mwanachama ana zamu yake ya maji. Mashine ikizima kiangazi hiki, watu wazima watalia. Kwa hivyo siruhusiwi kuondoka mpaka jua lipungue.

Mama amefungiwa nyumbani, mimi nimefungiwa mtoni. Tofauti ni kwamba mimi nalipwa.

Alhamisi, 6 Februari

Mke wangu ametuma sauti kwenye simu. Zuhura yuko Uarabuni mwaka wa pili sasa, anamtunza bibi mmoja asiyewajua hata wanawe. Amenieleza anavyomwogesha kwa maji ya vuguvugu, anavyompaka mafuta, anavyomgeuza ili mgongo usichubuke. Wanawe wa kiume wanasimama mlangoni, wanasalimu, wanaenda zao. Wakitoka wanafunga mlango wa nje kwa ufunguo, bibi ndani na Zuhura ndani. Hilo la mwisho amelisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema leo kuna upepo.

Nimecheka peke yangu pale kwenye mashine. Kicheko kibaya. Mke wangu analipwa kumwogesha mama wa watu, na mama yangu anaogeshwa na jirani kwa hisani. Ningesema arudi, lakini karo ya binti yetu Salma shule ya bweni inatoka kwenye mgongo wa yule bibi. Na pasipoti yake iko kabatini kwa tajiri wake.

Nimemjibu kwamba huku ni salama. Neno jepesi sana hilo.

Ijumaa, 7 Februari

Mashine hupumzika Ijumaa. Nimeshinda na Mama.

Kunisahau amenisahau zamani, nimezoea. Jipya ni kwamba leo amenipa cheo. Mimi ni kijana wa kazi. Ameniuliza kwetu ni wapi na kama wazazi wangu wako hai. Akanionya nisiguse sukari ya watu. Halafu, kwa huruma, akaniambia nisihofu, mwenye nyumba atanilipa mwisho wa mwezi.

Nikauliza mwenye nyumba ni nani. Akasema ni mwanawe, Jilo, yuko kazini, mtu mwema lakini ana hasira za karibu.

Jilo ni mimi. Nimemwambia, haya, nitamngoja.

Jumapili, 9 Februari

Dada yangu Habiba amepiga simu kutoka Bura. Amesikia, sijui kwa nani, kwamba namfungia Mama kama mbuzi. Nilikuwa nasonga sima, nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikamwambia yaliyo moyoni. Alimchukua mwaka jana, kweli. Mama akawa kila asubuhi anaufuata mfereji wa skimu ya umwagiliaji akiuliza mto umeenda wapi na maji haya membamba ni ya nini. Wenye pikipiki wakamrudisha, wakamrudisha, wakachoka. Mume wa Habiba naye akachoka. Wakampandisha gari, wakamrudisha hapa kwangu Garsen na mfuko wa vitunguu.

Nimemwambia mbuzi hufunguliwa akale. Huyu nikimfungua atanifia barabarani au mtoni. Habiba akalia. Akilia hushinda yeye.

Jioni kaja Mama Rehema. Binti yake kule Hola anakaribia kujifungua, uzazi wake wa kwanza, lazima aende. Atakaa mpaka arubaini. Ameuweka ule ufunguo wa pili mkononi mwangu akitazama chini, kama aliyeniibia. Sikuweza kumkataza. Mtoto wa watu anazaliwa.

Nimebaki na funguo mbili.

Jumatano, 12 Februari

Leo nimemwogesha mama yangu.

Kwetu mtoto wa kiume haoni mwili wa mama yake. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha, ni jambo unalokua nalo. Jana nilimwacha bila kuoga nikijidanganya kwamba nitapata mtu. Nimeuliza mitaa miwili. Wasichana wapo, lakini wakisikia ni Mama yule wa kufungiwa, kila mmoja ana shangazi anayeumwa. Leo asubuhi nilijua kwa pua kwamba siwezi kumwacha tena.

Nilimfunga leso kifuani, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamimina maji huku nimeangalia ukuta. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliyeisema hiyo hakufikiria nguo zenyewe zikiwa za mama yake.

Mama hakuona haya hata kidogo. Alishangaa tu. Akauliza kama siku hizi wanaajiri wanaume kazi hii. Kisha akaniamuru nisugue mgongo, nisiogope, mgongo hauli mtu.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Baada ya aibu ikaja hasira. Kwa Habiba, kwa Zuhura, kwa marehemu kaka yangu kwa kufa kwake, kwa Mama Rehema na mjukuu wake ambaye hata hajazaliwa. Sikumbakisha mtu. Njiani nikamwomba Mungu msamaha, nikachelewa kuwasha mashine.

Alhamisi, 13 Februari

Nimerudi nikamkuta sakafuni nyuma ya mlango. Kucha zimetoka damu. Ubao umechunwa chini, pale anapofika akiwa amekaa. Amejikojolea. Mabati yalikuwa moto, nyumba kama tanuri.

Alikuwa amepoteza sauti lakini anaendelea kusema, fungua, watakufa na kiu. Fungua, watakufa na kiu. Nikadhani anasema juu yake mwenyewe. Lakini mtungi ulikuwa umejaa pale pembeni, na kikombe juu yake. Nikamnywesha. Akanywa kidogo, akasukuma kikombe, akasema si mimi.

Nimemsafisha. Safari hii sikuangalia ukuta.

Kufuli nimelitupa chini ya kitanda. Sijui kesho kutwa nitafanya nini, ila hilo silifanyi tena.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwenda naye kazini. Nilimwita jamaa wa boda, tukamkalisha katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Njia nzima alikuwa anamwambia dereva apunguze, kuna watoto.

Tulipofika ukingoni akashuka mwenyewe. Akanyooka. Sijamwona akinyooka hivyo tangu mvua za mwaka juzi. Aliangalia mto, akaangalia mahindi, akaangalia ua wa matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, akatikisa kichwa kama anayekuta wageni wamehamisha vyombo vyake.

Napajua anapopakumbuka. Sehemu hii ya shamba la kikundi ilikuwa konde lake. Kati ya konde lake na la jirani ilipita malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kushuka mtoni kunywa wakati wa kiangazi. Na Mama ndiye aliyekuwa na mlango wake. Asubuhi ng'ombe wakija, alikuwa anavuta tawi la miiba pembeni, anasimama nalo mkononi, na hiyo ndiyo ruhusa. Bila hilo, mchungaji hapiti. Akishaliona hilo, haulizi zaidi, maana kuuliza ni kumtukana mwenye konde. Walipita kati ya nyua mbili, wakanywa, wakarudi. Jioni Mama anafunga. Na mlangoni petu kunakuwa na kibuyu cha maziwa. Nimekunywa maziwa hayo utoto wangu wote.

Mashine ilipokuja malka ikafungwa. Palikuwa na baraza, watu wakakubaliana, wachungaji wakapewa njia nyingine huko juu. Ni mbali, lakini walikubali.

Mama ameshinda chini ya kibanda cha mashine akipukuchua kunde. Amekula chakula chote. Ameimba. Mimi pia nimekula, nimegundua nilikuwa na njaa ya siku nyingi. Nilikuwa na furaha leo. Naandika ili nikumbuke.

Jumatatu, 17 Februari

Mwenyekiti wa kikundi amemwona. Alimsalimu kwa heshima, shikamoo mama, akamwinamia. Kisha akanivuta pembeni akasema hapa ni kazini, Jilo, si wodi. Ana haki. Mashine ina mkanda unaozunguka wazi, na mto una mamba. Amenipa wiki hii moja nitafute msichana wa kukaa naye.

Nimesema ndiyo. Mimi siku hizi ni mtu wa ndiyo.

Jumanne, 18 Februari

Joto la kupasua mawe. Ng'ombe wanapita nje ya ua tangu asubuhi kuelekea njia ile ya mbali. Mbavu nje. Kengele zao za mti unazisikia kabla ya vumbi kufika.

Kila zikilia Mama anasimama. Kunde zinamwagika, anasimama. Akaniuliza nani anafungua leo. Nikamweleza njia sasa iko kule juu. Akanitazama kwa masikitiko makubwa. Akaniambia, "Kijana, wewe si wa hapa."

Nilicheka. Hata jamaa aliyekuja kuuliza zamu yake ya maji alicheka. Tukacheka wote wawili mbele yake, wajinga sisi.

Alhamisi, 20 Februari

Nisipoandika leo sitaandika.

Mto umeshuka. Asubuhi mashine ilianza kunyonya matope, ikakohoa. Bomba la kunyonyea lazima lisogezwe, na chujio lilikuwa limeziba kwa magugu. Hiyo ni kazi ya kuingia majini. Nilimwacha Mama kibandani na ungo wa kunde, nikamwambia asitoke. Niliingia hadi kifuani, jicho moja kwenye chujio, jingine kwenye maji, maana mamba hatumi salamu.

Nilipopanda ukingoni kigoda kilikuwa kitupu. Ungo umepinduka. Na kengele za mti zinalia ndani ya shamba. Ndani.

Nilikimbia. Nikamwona pale pale pa zamani, penye mlango wa malka. Ua ulikuwa umefunguliwa. Alivuta matawi ya mathenge kwa mikono mitupu, yule ambaye hawezi kujifunga leso. Alisimama pembeni, tawi mkononi kama fimbo ya afisa, damu inamtiririka mpaka kiwikoni, anawasalimu ng'ombe na wenye ng'ombe kwa Kiorma. Kiorma chake hakikukosea hata neno. Uso wake ulikuwa uso wa mama yangu. Mama yangu kabisa, wa zamani.

Ng'ombe walikuwa wanapita mbele yake kwa utulivu. Mbele yao Galgalo, mchungaji ninayemfahamu kwa sura, bakora begani. Hakuwa na haraka ya mwizi. Aliponiona alinisalimu. Kisha akageuka, akaona nyua mbili za zamani hazipo, ni mahindi mpaka ukingoni, na ng'ombe wake wametapakaa humo. Nikaona anavyoelewa. Akaanza kuwapigia kelele kuwarudisha, lakini ng'ombe mwenye kiu akishanusa mto hana mwenyewe. Mahindi yalikuwa yamebeba. Yakalala. Waliofika kwenye mashine wakalikanyaga bomba nililotoka kulisogeza.

Mtu akapiga ukunga. Wenye mashamba wakatoka kila upande na panga. Na nje ya ua wachungaji wengine wakawa wanakuja na fimbo na mikuki, wamesikia ukunga. Mimi nimeishi hapa ile miaka mibaya, wakulima na wafugaji walipouana. Najua inavyoanza. Huanza hivyo hivyo, na mahindi.

Walimkamata Galgalo. Wanasema amekata ua. Anasema, "Mama ya shamba nafungua yenyewe. Nasimama na mti kwa mkono. Mimi nasema kikundi naona huruma kwa kiangazi. Sasa nakataa aje?" Wanamwita mwongo. Mama akaja katikati yao na tawi lake, akasema nimewafungulia mimi, waacheni watoto wa watu. Mmoja akamwambia bibi kaa chini. Mwingine akacheka. Nani atachukua ushahidi wa mwendawazimu.

Nilikuwa nimesimama na suruali inachuruzika. Nilijua yote. Nikisema, mimi ndiye niliyemleta kazini na mimi ndiye ambaye sikumwangalia, na kazi ya mashine basi. Nisiposema, panga moja lilikuwa limeshainuka.

Nilinyamaza. Kiasi cha kumeza mate, lakini nilinyamaza. Nilimwona Galgalo ananitazama akingoja.

Kisha nikasema. Nikasema kwa nguvu kwamba ni kweli, mama yangu amefungua, mimi nilikuwa majini, hakuna aliyekata ua. Nikarudia mara ya pili ili wa nyuma wasikie.

Panga likashuka. Galgalo akaachiwa. Mtu akatema mate karibu na mguu wangu. Wachungaji wakawatoa ng'ombe kwa fimbo, na hakuna aliyempiga mwenzake. Namshukuru Mungu kwa hilo peke yake.

Boda ilipokuja Mama alikataa kupanda. Jioni haijafika, hajafunga. Tulimbeba mimi na dereva. Njia nzima alilia kwamba ameacha wazi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeshinda nikimtoa miiba kwa sindano. Ya mathenge ni mibaya, huvimbisha. Yeye hasikii maumivu. Anazunguka chumba, anashika ukuta, anasema nimeacha wazi.

Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta kibuyu cha maziwa kizingitini. Hakukuwa na mtu. Baadaye kidogo nikamwona mke wa Galgalo, Hawo, na wenzake wauza maziwa wakielekea sokoni. Hakugeuza kichwa.

Mume wake nusura akatwe. Hajui kama kikundi kitawashtaki. Lakini mlango umefunguliwa, ng'ombe wamekunywa, maziwa lazima yaje. Desturi haikungoja mkutano.

Nikampa Mama. Alikishika kwa mikono miwili yenye bandeji, akanusa, akanywa mpaka mwisho. Nimelia kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze. Nililia kama mtoto, na Mama akaniambia ninyamaze, mwenye nyumba atasikia.

Jumapili, 23 Februari

Mkutano. Wazee wa kikundi na wazee wa wachungaji, chini ya turubai, maneno kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Wachungaji walisema waliingia kwa ruhusa ya mwenye konde na hawawezi kuomba radhi kwa hilo. Wetu walisema mwenye konde hana akili timamu. Wachungaji wakauliza, na ng'ombe angejuaje. Hapo wengine walicheka na hewa ikalegea. Mwisho wakaamua kila upande ubebe hasara yake. Wakasoma fatiha.

Kisha ikaja zamu yangu. Mwenyekiti hakunipigia kelele, ningependa angepiga. Alisema kazi ni yangu bado, hakuna mwingine anayeijua mashine ile inapoumwa. Bomba litakuwa tayari, Jumatano niwashe. Lakini Mama asikanyage tena pale, na asionekane akizurura. Siku nyingine haitaisha kwa maneno. Akasema, "Mama yako ni mama yetu sote, Jilo. Lakini mfungie."

Niliomba wanivumilie mpaka Mama Rehema arudi. Hapana. Niliomba mmoja wao amtoe binti yake aje kukaa naye mchana. Wote walitazama viatu vyao. Wakanipa mkono wa pole mmoja mmoja, mikono mingi sana. Mama yetu sote.

Ningeacha kazi. Nimelifikiria njia nzima. Nikiacha tunakula nini? Nikimpeleka Bura ataufuata mfereji. Nikimwita Zuhura, Salma anarudi nyumbani. Kila mlango ninaousukuma una mtu wangu nyuma yake.

Leo, nikiwa namlisha, nilitamani afe. Lilipita tu. Nimeliandika na sitalikata.

Jumatatu, 24 Februari

Nimeingia chini ya kitanda nikalitoa kufuli. Limeshika vumbi. Nimelitia mafuta ya mashine. Mama alisimama akiniangalia, mikono nyuma, kama msimamizi.

Bado hatulii. Anakwenda mlangoni, anarudi. Nimeacha wazi, nimeacha wazi. Chakula hataki. Nimemwambia mara ngapi kwamba pamefungwa, kikundi kimeziba kwa matawi mapya. Ananijibu hakumwona aliyefunga.

Nimemtumia Zuhura sauti nikamweleza ukweli wote, hata lile la jana. Nilidhani atanichukia. Amejibu akiwa jikoni kwa watu, nasikia maji ya bomba. Hakunilaumu. Amesema yule bibi wake, yeye humwekea kiti dirishani aone njia. Nimwekee Mama kiti. Na kabla sijafunga nimwambie ninapokwenda na nitakaporudi, hata kama hanisikii. Amesema kule kwake wakifunga hakuna anayemwambia lolote.

Nimeisikiliza sauti hiyo tena na tena. Zuhura wangu.

Jumatano, 26 Februari

Nimeamka mapema. Nimemwogesha, mgongo na kila kitu. Nimembadilisha bandeji. Uji amekunywa kidogo.

Nimeweka kiti dirishani. Nimetoa pazia. Jana niliongea na Hawo, nikamwonyesha dirisha. Amesema akipita na maziwa asubuhi na akirudi sokoni atasimama hapo waongee Kiorma kidogo. Si mengi. Ila ni mtu.

Mtungi, kikombe, ndizi mbili. Kisha nikasimama mlangoni kama mwizi nikasema, Mama, naenda mtoni kwenye mashine. Nitarudi jua likipungua.

Alinyanyuka kitini. Nikajua itakuwa kama siku ile ya kucha. Nilikuwa tayari kwa kelele. Alikuja mpaka kizingitini, akaangalia nje, akaangalia kushoto na kulia kwa makini, mpaka mwisho wa njia. Hapakuwa na kitu, kuku wa jirani tu. Akarudi hatua moja ndani. Akaushika mlango kwa mikono yake yenye bandeji, akaanza kuuvuta, akanionyesha kwa kidevu nivute upande wangu.

Tukafunga pamoja.

Nilisikia sauti yake upande wa pili, karibu kabisa na ubao. "Funga vizuri, kijana. Wamekwisha kunywa wote."

Nikafunga. Nikalivuta kufuli kuhakikisha, kama ambavyo yeye angetaka. Nilipopita dirishani alikuwa ameshaketi, mikono mapajani, sura ya mtu aliyemaliza kazi yake. Akaniambia mwenye nyumba akirudi atamweleza kwamba mimi ni mfanyakazi mzuri.

Nikamwambia asante.

Naandika haya kwenye mashine. Bomba jipya linavuta vizuri, leo ni zamu ya upande wa mpunga. Nje ya ua ng'ombe wanapita kwenda njia yao ya mbali. Funguo zote mbili ziko mfukoni mwangu.